Kaseti ya Baba na Magitaa ya Adriko

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka aibu ikaisha makali, lakini siku ile pale Koboko, mbele ya wazee wa pande mbili, ningepewa shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe.

Mwaka tisini na tatu nilikuwa fundi redio mjini Arua, na muziki ulikuwa umenishika vibaya. Rafiki yangu Adriko wa mtaa wa Mvara alikuwa ameachiwa kaseti na mgeni mmoja aliyerudi kwao Ulaya, ya bendi ya vijana ambao hata huko kwao nadhani walijulikana na mama zao tu. Mara ya kwanza nilidhani redio inaungua. Magitaa yamerundikana moja juu ya jingine mpaka hujui lipi ni lipi, yanavuma, yanapanda, yanapinda kana kwamba mkanda unaliwa (na mimi fundi mzima nikakimbilia kuizima), halafu chini kabisa ya kelele ile mwanamke ananong'ona taratibu, hana haraka na mtu. Nywele zilinisimama. Tuliirudisha mwanzo mara tatu, na sijawahi kupenda kitu namna ile.

Ijumaa moja Adriko akapita dukani mbio: anahamia Kampala, basi linaondoka saa nane, na kaseti anakwenda nayo. Maduka yamefungwa, watu wako msikitini (na mimi nilipaswa kuwa huko, hilo tuliache). Kaseti pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya baba.

Baba alikimbia mwaka sabini na tisa, serikali ilipopinduliwa, kama askari wengi wa kwetu, akaishia Khartoum kulinda ghala, na barua zake zilikuwa za sauti, kaseti zinazokuja na madereva wa malori. Hii ilikuwa nzito kuliko zote. Dada yangu Zaituni alikuwa ameposwa na mwalimu wa Koboko, na ndoa haifungwi bila neno la baba, kwa hiyo wazee walikubaliana walisikie pamoja Jumapili, bila mtu kulisikiliza kabla. Nikajiambia, baba ni mtu wa maneno machache, tangu lini akajaza upande wa pili? Kweli, alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti ili redio isikubali kurekodi juu yake. Nikaziba matundu kwa karatasi ya sigara, nikaweka upande wa pili, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, nikacheza peke yangu dukani.

Jumapili Koboko tukakaa mkekani, redio yangu katikati, Zaituni nyuma ya pazia. Baba akasalimia. Akasalimia walio hai, akawaombea waliokufa, akamuulizia hata ng'ombe tuliyemuuza zamani (huyo ndiye mtu wa maneno machache), nusu saa nzima, ndipo akasema, "Sasa juu ya Zaituni. Nimefikiri sana, na neno yangu iko hii." Kaseti ikakata.

"Geuza, Juma," akaniambia Haji, babu wa bwana harusi.

Nikageuza, na magitaa yakaingia.

Hakuna aliyecheka. Haji aliinua mkono. "Ngoja. Khartoum iko na upepo ya vumbi, mimi nilikaa kule. Mutu iko naongea ndani." Wazee wote wakainamia redio wakitega masikio, na mimi nimekufa ganzi, ingawa (nisidanganye) magitaa yalipopanda kichwa changu kilitikisika chenyewe. Kisha yule mwanamke akaanza kunong'ona.

Mama, aliyemngoja baba miaka kumi na minne, akaweka kikombe chini. "Na hii mwanamke iko nani?"

"Pengine iko jirani," akasema Haji.

"Jirani gani nanong'ona karibu na kinywa ya mume ya mutu?" Mama akasimama, akakaza leso kiunoni. "Zaituni, toka. Tunarudi Arua."

Hapo ningefanya nini? "Mama, kaa," nikasema. "Hii si Khartoum. Ni mimi." Nikaeleza yote, karatasi ya sigara na basi la Adriko, wazee wakanihoji karibu nusu saa, na kabla sijamaliza nyimbo zikaisha na sauti ya baba ikarudi, safi kabisa: "...basi, mimi nimemaliza. Fanyeni vile nimesema."

Haji akanigeukia. "Amesema nini?"

Zaituni alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Aliniangalia tu, na macho yale yaliniuma kuliko matusi yote ya mama njiani.

Niliamriwa kuandika barua, na kwa aibu nikaandika kwamba sehemu ya Zaituni iliharibiwa na joto la lori. Dada yangu alingoja miezi minne. Kaseti mpya ilipofika baba alisema amekubali, tena alikubali tangu mwanzo, na nyumba ikajaa vigelegele, mimi nikipiga makofi kuliko wote, mpaka nikasikia anaongeza: "Ile nilimwambia Juma siku ile, sirudii. Juma anasikilizaga kila kitu mpaka mwisho."

Baba alifia huko Khartoum, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza aliniambia nini. Siku hizi sigusi kitufe chekundu kabla ya kusikiliza kaseti pande zote mbili. Ile ya kwanza bado ninayo, na magitaa bado yananisimamisha nywele, ila nikifika pale mwanamke anaponong'ona nainama na kutega sikio kama Haji, labda baba yuko ndani.