Pia ya shaba iliyofikishwa tribunal ya Baraka

Wakuu, hodi humu ndani. Ya leo niliiona kwa macho yangu, sina haja ya kuipamba.

Wakati wa Babeleji, miaka ya hamsini, mi nilikuwa kijana fundi cherehani pale Baraka. Benzangu banakusanya masahani, mi nakusanya pia za zamani za kamari, zile za kuzungusha mezani.

Zile za shaba, pande sita, kila upande iko na herufi. P, prends, unakamata. M, mets, unaweka. T, tout, unakomba yote.

Batu bananicheka: unakusanya pia na hauchezi? Ni kama kufuga mbuzi wa kuangalia.

Kuzitambua si kazi kubwa. Ya zamani mguu wake umelika kwa kuzunguka, na kona zote zimelika sawa. Ukiona kona moja tu imelika, ilipigwa tupa. Hiyo ya mwizi.

Basi Ramazani, muuza samaki wa Swima, akashitakiwa tribunal, mbele ya juge na bazee babili ba baraza, kwamba pia yake iko na ujanja. Mushitaki alikuwa mwenye mashua wa Kazimia, mutu asiyezoea kushindwa.

Akipatikana na kosa, adhabu ilikuwa fimbo, kisha prison kule Fizi. Bibi yake Ramazani, mama Zaina, akakuja kwangu analia, niende nikashuhudie.

Nikaenda. Nikaishika pia, nikaonyesha kona: ziko sawa, hana kosa.

Juge akasema hayo ni maneno ya mushona suruali, tribunal inataka preuve, ushahidi wa kuonekana. Akaizungusha mezani mwenyewe. Ikalala P. Akarudia, ikalala M.

Muzee wa kushoto kwa juge akaomba naye ahakikishe.

Wa kuume akasema bila kitu mezani haiwezi kujulikana, pia inajua kama unacheza kweli ama unaigiza. Bakaweka sigara. Kisha makofia. Mushitaki naye akavuta kiti.

Ramazani akasimama hadi miguu ikafa ganzi. Mwisho akauliza polepole, "Shefu, na mi?"

Juge hakuinua macho. "We enda kwako. Huku tuko na kazi."

Mama Zaina akamukokota nje mbio, basije bakakumbuka.

Pia haikurudi. Nilipoenda kuiomba, polisi wa mulangoni aliniambia bazee bangali kwa uchunguzi. Kwa ndani nikasikia mutu anacheka.

Nililojifunza: mutu unaweza kumutoa tribunal. Kidhibiti, kisahau.

Banyumbani wa Fizi na kwingine, kuna aliyewahi kurudishiwa chake? Leteni maneno.