Futi ya Fundi na Wageni Wasioinua Mikono

Msimu mmoja wa mvua nyingi, fundi huyu alipokuwa bado msichana anayejifunza kushona, wateja walikuwa haba, naye alishinda akikitazama kitambaa mezani. Gauni lilimjia kichwani likiwa zima, pindo kwa pindo, na mkasi ukalifuata. Watu wakamwita Bi Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata harusini.

Miaka ikaenda, macho yakaingia ukungu. Ndipo wageni wakaanza kuja: wanawake wenye kofia pana, watoto wasiozidi kimo cha chupa, wote kimya. Bi Futi hakumwambia mtu. Alichelea mwanawe wa pekee asije akamtenganisha na cherehani yake na kumpeleka hospitali ya wendawazimu. Akajitungia kipimo: humnyooshea mgeni futi. Mtu wa kweli, kwa mazoea, huinua mikono apimwe. Wale wengine husimama tu.

Siku moja mwanawe alirudi safari, akasimama mlangoni kimya, akitabasamu, mizigo mikononi. Bi Futi akanyoosha futi. Mikono haikuinuka.

"Pita zako, bwana," akasema, akiendelea kukanyaga cherehani. "Na huyo mwenzako wa kofia mwambie asinikanyagie kitambaa."

Mizigo ikaanguka. "Mama! Unasema na nani?"

"Kumbe ni wewe, mwanangu! Mbona hukuinua mikono?"

Kesho yake wakawa kwa daktari wa macho. Bi Futi akasimulia yote.

"Zamani, Bibi," daktari akasema, "hata wataalamu walimhesabu mtu kama wewe kuwa amepagawa au ana wazimu. Baadaye wakachunguza wazee wenye akili timamu waliopungukiwa na nuru ya macho, wakakuta wanaona watu na maua. Ubongo ukikosa picha za nje, hujichorea zake. Wataalamu wengine wakawauliza watu wa kawaida: ukifumba macho, waiona meza yako ya chakula? Wapo walioiona waziwazi, wapo wasioona chochote, na wote ni wazima."

"Kwa hiyo mimi si chizi?"

"Akili yako ni nzima kuliko yangu ya Jumatatu."

Mwanawe alikuwa amefumba macho. "Mama, mimi siioni hata sura yako."

"Maskini! Ndiyo maana kushona kulikushinda."

Wakacheka wote watatu. Cherehani haikuondolewa mahali pake.

Bi Futi alipokuja kufariki, wa mwisho kumwona akiwa hai alikuwa jirani yake, aliyepita asubuhi hiyo kumjulia hali. Bi Futi alimnyooshea futi. Jirani akainua mikono. Bi Futi akampima mabega, akamkaribisha ndani, akarudi kuketi kwenye cherehani.