Kipimo cha damu kilichosema mtoto si wa mume wangu

Wakuu, salaam kutoka kwa bibi yenu wa Birmingham. Hii sikusimuliwa, yalinikuta mwenyewe, na mtoto mwenyewe yuko hapa anamaliza chapati zangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa unesi. Mume wangu, Mwangi, alikuwa fundi kwenye karakana moja ya Hockley, hapahapa Birmingham. Tulipanga chumba Winson Green, na baridi yake sitaki hata kuikumbuka.

Mimba ikiwa kubwa, Mwangi akaugua kifua, akalazwa. Wakampima damu: group AB.

Alipotoka tu nikajifungua mvulana. Macho yalikuwa na manjano kidogo, naye akapimwa. Group O.

Sasa wakuu, hilo somo nilikuwa nimetoka kufundishwa: baba wa AB hazai mtoto wa O. Mwanaume mwingine sikuwahi kumjua, lakini nani angeniamini mbele ya maabara?

Kwetu Nyeri, kifungua mimba wa kiume hubeba jina la baba wa mume. Kumpa jina hilo ndiko kumkubali. Nikaona bora Mwangi ayasikie kutoka kwangu kabla hajalitaja.

Alinisikiliza huku anakohoa, kisha akampakata mtoto.

"Huyu ni Kamau," akasema. Ndilo jina la baba yake.

"Lakini umenisikia?"

"Nimekusikia. Hao watu wa lab wapime tena. Jina ni hilo."

Nililia, wakuu. Sioni haya kusema.

Tukaenda. Dada wa maabara akapima damu ya Mwangi, ikashikana vidonge vidonge kama mara ya kwanza, AB ileile. Akachukua nyingine, akaipasha kwenye maji ya vuguvugu, vidonge vikaachana. Akapima ikiwa na joto lake: O safi, kama ya mtoto.

Kumbe ule ugonjwa wa kifua ulimwachia antibodies, zile kinga za mwili, zinazoshikanisha damu ikipoa. Ndizo zilizokidanganya kipimo kikasoma AB.

Mwangi akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Hata damu yangu imeikataa baridi ya Winson Green."

Funzo langu: majibu yakipingana na unachokijua, omba yarudiwe kabla hujamfukuza mtu nyumbani.

Haya, nani mwingine maabara ilishamvuruga? Shusheni visa vyenu hapo chini, leo sina haraka.

Kamau, mvi zimemjaa, anasoma begani kwangu. "Mum, tell them I've got his nose."

Nawaambia basi. Pua ni ya Mwangi, na jina alimpa kabla ya majibu.