Niliwafundisha Wengine Wapige Simu, Mimi Nikasoma Fatiha

"Serikali ya Uingereza inawinda watoto wetu." Ndugu mmoja aliandika hivyo hapa kundini juma lililopita, na wengi mkamshangilia. Admin, nifichie jina, ila maneno yangu usiyapunguze. Ndugu yangu, huo ni uongo. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi huku Barking, London, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Septemba tunakalishwa chini kufundishwa namna ya kumlinda mtoto, na nimeona kinachotokea simu ikipigwa. Huja mtu wa ustawi wa jamii na daftari lake, anauliza, anaondoka, anarudi tena, anamtafutia baba darasa la kujifunza kulea bila mkanda. Hukosea, ndiyo, hasa wakikutana na mama asiyeweza kujieleza kwa Kiingereza. Lakini ukimwita kila anayebisha hodi mwindaji, unamtetea anayepiga, si anayepigwa.

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, mzaliwa wa Tanga. Jumamosi nafundisha madrasa kwenye ukumbi wa kukodi, na mimi ndiye niliyewabana wazee wa kamati mpaka wakakubali kanuni: mwalimu akiona alama kwenye mwili wa mtoto, anapiga simu ustawi wa jamii siku ile ile. Mzee mmoja akaniita polisi wa kike. Nikamwambia hiyo ni sifa.

Sasa someni nilichofanya. Mwezi uliopita binti wa mdogo wangu wa kiume, nitamwita Rukia, ana miaka tisa, alikunja mikono ya gauni pale madrasa ili atawadhe. Nikaona michirizi ya mkanda, miwili mipya na mmoja unaofifia. Nikamuuliza. "It's fine, shangazi. I was being slow," akasema, yaani si kitu, kosa lake alikuwa mzito tu, akaendelea kuosha kiwiko. Kanuni niliyoiandika mwenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua mbili kutoka pale. Nikavua sweta yangu, nikamvalisha, nikamwambia asiivue mpaka afike kwao.

Kwetu jambo la nyumbani huanza kwa kikao, na mimi, mjuzi wa kanuni, nikaitisha kikao. Jumapili tukakaa sebuleni kwa mdogo wangu, mama akiwa kwenye simu kutoka Tanga, mjomba naye kwenye simu kutoka Maskati. Wifi yangu, mama yake Rukia, alimenya vitunguu bila kuinua kichwa. Rukia alipelekwa chumbani.

"Dada," mdogo wangu akaanza, "natoka kazini ghalani Hayes, nimevuka London nzima, miguu inawaka moto, nakuta mtoto hajafanya hata alichoambiwa. Baba alitutandika sisi. Tumekufa?"

"Hukufa. Lakini hukwenda kumzika."

"Sikuwa na karatasi za kusafiria."

"Ulikuwa nazo mwaka mzima."

Mjomba akadakia, "Haya, msifukue makaburi. Kijana, omba radhi." Akaomba radhi, kwangu na kwa mama. Mtoto hakuitwa. Mama akasema, "Basi, yamekwisha. Na wewe, binti yangu, ukimpeleka ndugu yako kwa Wazungu, nikifa usije kunizika." Tukasoma Fatiha, tukaitikia amina, na nikaahidi kwamba neno hilo halitatoka ndani ya nyumba ile. Niliondoka nikijisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumamosi iliyopita Rukia hakukunja mikono. Alipitisha maji juu ya nguo. Nilipompandisha mkono wa gauni mwenyewe, alama zilikuwa mbichi. Hakulia wala hakuniangalia. Kuficha alikuwa amefundishwa, na mwalimu wake ni mimi.

Nikipiga simu, swali la kwanza litakuwa: uliziona lini mara ya kwanza? Nikisema kweli, kazi ya shule imekwenda, na wazee wa kamati watasema kanuni zangu zilikuwa za watoto wa wenzangu. Nikisema uongo, Rukia atasema kweli. Mama hatapokea tena simu yangu. Na mdogo wangu, tangu nimpigie kelele Jumamosi, anasema Ijumaa shule zikifungwa atampeleka mtoto Tanga "akakae kwa bibi yake", mahali ambapo hakuna atakayemkunjia mkono wa gauni. Kila mlango ninaougusa, mimi ndiye niliyeufunga.

Kanuni naijua, msinikumbushe. Na ninyi wajomba, mashangazi na wazee mnaomaliza mambo nyumbani, leo nawaomba mnyamaze, nimeshawasikia vya kutosha. Namtaka anijibu mtu wa aina moja tu: wewe uliyechapwa ukiwa na miaka tisa, shangazi yako akaona, akakufunika. Alipokuona mara ya pili, ulitaka afanye nini? Niandikie kabla ya Ijumaa.