Mnusa Vyungu na Kweme ya Mama Mkwe

Asubuhi, ukungu bado umeukalia mlima juu ya Bigwa, na Kasiani amekwisha keti kwenye kigoda chake mlangoni mwa nyumba ya wagonjwa mjini Morogoro. Mama mmoja anafika na chungu kichwani, amekifunika kwa jani la mgomba. Kasiani ananyoosha mkono.

"Tua, dada. Funua."

"Nifunue nini? Uji tu wa mgonjwa."

"Basi uji haukatai kuonwa."

Mama huyo, Chausiku wa Bigwa, anafunua huku amenuna. Kasiani anainamisha pua. Uji una tui la nazi, tena tui zito la kwanza. Anauweka kando. Chausiku anawaita wote waliopo waje washuhudie uchoyo wa mtu huyu, kisha anaketi chini na kulia kwa hasira, maana mumewe hajala tangu jana.

"Kesho utampa, dada yangu, hata akitaka kumaliza chungu," Kasiani anamwambia. "Leo ana dawa tumboni."

Ndiyo kazi yake hiyo: kunusa vyungu siku ya dawa ya safura. Mjini wamempa majina. Wako wanaomwita Mchoyo, wako wanaomwita Pua ya Serikali, na wako wanaomwita Paka. Anayajua yote, na hilo la Paka humchekesha.

Safura inawaangusha sana vibarua wa reli. Minyoo midogo hung'ang'ania matumbo ikinyonya damu, hata mwanamume aliyekuwa akiinua mataruma, yale ya chuma yanayolazwa chini ya reli, anashindwa kuinua jembe. Macho yanakuwa meupe, miguu inavimba. Bwana daktari, Mdachi, huwapa unga mweupe wenye harufu kali, umefungwa katika vidonge. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na baadaye mgonjwa hunywa haluli ya kusafisha tumbo.

Unga huo una masharti. Ukiwa peke yake hukaa tumboni, ukaua minyoo na kutoka nayo. Ukikutana na mafuta au pombe huyeyuka, ukaingia katika damu, na hapo dawa inageuka sumu.

"Sasa mweleze hivyo mama yeyote wa huku kwetu," anasema Kasiani. "Sisi dawa chungu tunaishusha kwa kitu cha mafuta. Mtu aliyekonda tunampa cha mafuta. Ukimpelekea mgonjwa uji wa maji matupu, majirani watauliza amekukosea nini."

Yeye mwenyewe ni mkulima wa Mgeta. Alishuka mjini kutafuta kibarua cha reli, safura ikamlaza, akatibiwa katika nyumba hii hii, na alipopona akapewa kazi ya mlangoni. Mshahara, anasema, unatosha chumvi na kaniki ya mkewe Paskalia. "Nyama tunaisikia harufu kwa jirani," anasema na kucheka.

Hakuna chungu kilichompita bila kunuswa, isipokuwa kimoja. Na hicho nusura kimtoe mtu roho.

Mwezi uliopita shemeji yake, Benedikto, mdogo wake Paskalia na mtoto wa kiume pekee kwao, aliletwa kutoka kambi ya reli akiwa hawezi kusimama. Akapewa vidonge asubuhi. Siku hiyo hiyo mama yake, Bibi Veronika, akafika kutoka Mgeta. Alikuwa ameteremka mlima siku nzima, akalala njiani kwa jamaa, na asubuhi akapika: kuku kwa kweme, zile mbegu pana za mlimani zenye mafuta mengi kuliko karanga. Ndicho chakula cha mama aliyejifungua na cha aliyeishiwa damu.

Msomaji asiye wa huku aelewe jambo moja. Mluguru hakutani na mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Hamtazami usoni, hampokei kitu mkono kwa mkono, seuze kumfunulia chungu chake!

"Nilipomwona anakata kona nilifanya nilivyofundishwa," anasema Kasiani. "Niliruka nyuma ya ukuta. Akapita. Harufu ya kweme ikaja mpaka nilipojificha, nami nikajidanganya moyoni, nikasema labda ni ya jirani. Nilimwogopa mkwe kuliko nilivyoogopa kifo cha shemeji. Haya, andika hivyo hivyo."

Kisha akasikia sauti ya Benedikto ndani, ya furaha: "Mama! Umenipikia kweme!"

Miguu ikakimbia kabla yake. Aliingia, akampita mama mkwe kifua kwa bega, akaunyakua mkono wa Benedikto uliokuwa ukielekea mdomoni, na bakuli likaanguka, mchuzi ukamrukia Bibi Veronika nguoni. Mama akapiga ukelele. Wagonjwa waliokuwa hoi wakainuka vitandani. Mkwe amemgusa mkwe!

"Amekula?" Kasiani aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akamtazama mama huyo machoni.

Alikuwa amekula matonge kadhaa.

Haukupita muda Benedikto akaanza kulalamika kichwa kinazunguka. Jasho baridi likamtoka, midomo ikafifia rangi, akawa haitiki vizuri. Bwana daktari akaamuru haluli nyingine upesi, na kahawa kali isiyotiwa kitu. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Bibi Veronika alikaa uani upande huu wa ukuta, Kasiani upande ule. Kila mmoja alimsikia mwenzake akilia.

Alasiri Benedikto akafumbua macho, akaomba maji. Akanywa, akatazama sakafuni, akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani amemwaga kuku wangu?"

"Ee Mungu, nilicheka mpaka nikaushika ukuta," anasema Kasiani. "Mkwe naye akacheka huko nyuma ya ukuta. Ndipo nikajua hatuziki."

Leo Benedikto anakaa uani akiota jua, kucha zimeanza kupata wekundu. Amekula kweme tangu hapo, baada ya dawa kwisha kutoka, na hakuna aliyemnyang'anya. Anamsimanga shemeji yake kila apitapo: "Mwizi wa vitoweo!"

Lakini mila ilibaki imevunjwa. Kasiani alinunua jembe jipya, akaongeza jogoo, Paskalia akavipeleka kwa mama yake kuomba radhi. Kasiani alijua akikataliwa, ndoa yenyewe ingetikisika. Bibi Veronika akavipokea. Kisha akatuma jibu ambalo wazee wa Mgeta wanalijadili mpaka sasa: jembe na jogoo vimekwisha kuifungua njia, na tangu siku hiyo mkwe wake asiingie tena majanini anapomwona.

Mwandishi alimkuta mama huyo kwenye kivuli cha nyumba, akimchambulia mwanawe mchicha.

"Nilikuwa namwua kwa mapenzi," anasema bila kuinua macho. "Ningemzika, halafu ningemsingizia mchawi. Ningepata jirani wa kumchukia maisha yangu yote."

Kasiani ana mpango. Kabla ya kupanda mahindi anataka kuzunguka vijiji vya Mgeta, awaambie akina mama huko huko kwao, kabla hawajabandika chungu jikoni. Taabu ni kwamba huko nusu ya wanawake ni wakwe zake kwa namna moja au nyingine, na mwanamume hasimami mbele yao kuwafundisha mapishi.

"Watamcheka," anasema Bibi Veronika. "Yeye atabeba mzigo. Nitasema mimi."

"Utawaambia nini, mama?" anauliza Kasiani. Neno hilo bado linamtoka kwa aibu.

Bibi Veronika anaacha mchicha. Anamtazama Benedikto, ambaye amesinzia mdomo wazi juani.

"Nitawaambia nilichopika," anasema. "Halafu nitawaonyesha mwanangu, wajue nimebahatika."