Usukani wa Kushoto

Madereva wa barabara ya Arusha kwenda Moshi walinicheka kwa miaka. Waliliona gari langu, jeusi, la Kijerumani, injini ya silinda sita, limejibanza nyuma ya lori la magunia likitambaa, na wao na mabasi yao chakavu wakilipita huku wakipiga honi. Kondakta mmoja alitoa kichwa dirishani akanipigia kelele, "Dada, lifanye banda la kuku hilo!" Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Lakini kwa hilo sikuwahi kumjibu mtu.

Nililinunua miaka ile ya ruksa, wakati bidhaa za kila aina zilipoanza kuingia na sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukajikuta tunachagua rangi. Nilikuwa karani katika kampuni binafsi ya kahawa, moja ya zile zilizoruhusiwa kununua moja kwa moja kwa wakulima. Nilikuwa na nyumba yangu ya vyumba viwili Moshono, pembezoni mwa Arusha, nimevuka miaka thelathini na tano, sina mume wala mtoto. Nikirudi kazini nilikuwa nawasha redio kabla ya kuvua viatu, ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Nilikuwa mpweke, niseme tu, ingawa wakati ule mtu angethubutu kuniambia hivyo ningemtoa nje.

Baba yangu naye alikuwa mpweke, safari fupi tu kutoka kwangu, juu ya Tengeru, katikati ya migomba yake. Alikuwa dereva wa chama cha ushirika karibu miaka thelathini, akiwaendesha wakubwa, mpaka ushirika ulipodhoofika akapunguzwa kazi. Kahawa ya ushirika sasa ilinunuliwa na kampuni kama yangu, na hilo hatukulizungumza. Tangu mama afariki hatukuzungumza karibu lolote. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda namwamkia, ananiitikia, ananiuliza kama mvua imefika mjini. Tunakunywa chai, naondoka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Mjerumani mmoja, mtaalamu wa mradi wa maji, amemaliza mkataba na anauza gari lake, nilimwomba baba aje kulikagua. Mafundi walijaa mjini. Nilimtaka yeye.

Alikuja na koti lake la kaki la kazini na bisibisi ndefu mfukoni. Alisalimiana na Mjerumani kwa kifupi, akafungua boneti, akaomba injini iwashwe. Kisha akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, akaweka mpini sikioni na kufumba macho. Alipoyafumbua akaanza kusema. Alisema juu ya valvu, juu ya mnyororo, juu ya gari moja la ofisini lililomfia Dodoma kwa sababu mkubwa wake hakutaka kusubiri oili. "Njoo usikie, mama," akaniambia, akaniwekea ule mpini sikioni, mkono wake mwingine begani kwangu. "Umesikia? Huo ndio uzima." Mimi sikusikia kitu zaidi ya ngurumo, nikasema nimesikia. Katika robo saa ile alisema nami maneno mengi kuliko miaka minne iliyotangulia.

Mwishoni alifunga boneti, akajifuta mikono.

"Injini ni nzima. Lakini usilinunue."

"Kwa nini, baba?"

"Usukani uko kushoto. Kwao wanapita upande mwingine. Huku kwetu ukiwa nyuma ya lori huoni mbele. Gari hili haliendeshwi na mtu mmoja. Linataka uwe na mtu wa kukaa pembeni yako."

Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia shangazi zangu wote wakiniuliza harusi lini. Damu ilinichemka pale pale mbele ya yule mgeni, nikasema ninalichukua, na nikalichukua. Baadaye sana ndipo nilipokubali kwamba hasira ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa ile robo saa. Niliogopa kwamba nikiliacha gari pale, na maneno yake yatabaki pale.

Baba alikuwa na presha ya macho, na kila baada ya miezi mitatu alikwenda kliniki Moshi kwa basi. Nikamwambia nitampeleka mimi. Siku hiyo nilifika kwake nimelipangusa gari mpaka linang'aa, nikamfungulia mlango wa mbele. Alitoka amevaa viatu vya kanisani, akaupita ule mlango, akafungua wa nyuma, akaketi.

"Baba, njoo mbele."

"Mbele kulia ni kwa dereva," akasema. "Mimi nimestaafu."

Iliniuma. Nilimwona kwenye kioo akitazama mashamba dirishani kama wakubwa wake walivyokuwa wakifanya, nikajisemea, haya, nimenunua gari ili niwe dereva wa baba yangu. Tukapita Usa River, tukapita Maji ya Chai.

Kabla ya Kikatiti tukakuta lori la mahindi. Nikachomoza gari kidogo nitazame mbele, nikakutana uso kwa uso na basi. Nilirudi nyuma ya lori kwa bahati tu.

"Simamisha," baba akasema.

Nikaegesha pembeni. Akashuka, akaja kuketi mbele kulia, mahali ambapo katika kila gari alilowahi kuendesha palikuwa na usukani. Mikono yake ilikosa pa kwenda, akaiweka magotini. Tulipoondoka, mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga sakafu kila penye kona.

Tukalifikia lori lile lile. "Subiri," akasema. "Bado. Bado, kuna pikapu. Haya, pita! Kanyaga!"

Nikakanyaga, na gari likaondoka kwa nguvu ambayo sikujua linayo. Lori likabaki nyuma. Baba alicheka, akasema kitu kwa Kimeru, lugha ya nyumbani kwetu mama alipokuwa hai. Nikamtania kwamba mstaafu amerudi kazini. Akasema mshahara wake ni chai ya Moshi.

Ikawa hivyo safari zote. Subiri, bado, pita. Kati ya lori moja na lingine alinisimulia. Siku moja alisema, kama anayetaja hali ya hewa, "Unajua, miaka yote ile pale mbele nilikaa peke yangu. Tunakwenda mpaka Dodoma, wao nyuma wanaongea, mimi naangalia barabara." Nilitaka kumwambia ninavyoishi Moshono na redio yangu. Nikasema tu, "Pole, baba."

Kisha, sijui ni mwaka gani hasa, "pita" ilianza kupungua. "Subiri" ikarefuka. Mabasi yaliyokuwa nyuma yetu yalitupita moja baada ya jingine, salama. Nilikasirika. "Baba, mbona wenzetu wanapita?"

"Hao wana haraka ya kufa. Subiri."

Siku hiyo tulisimama Maji ya Chai kununua ndizi. Nilimenya moja nikampa. Mkono wake uliipita ile ndizi, ukapapasa hewani, ukagusa kiwiko changu, ndipo ukarudi ukaipata. "Zimeiva vizuri hizi," akasema haraka.

Nikaelewa. Hakuona tena, au aliona kidogo mno, na hakutaka kunipoteza kwa "pita" ya kubahatisha. Lakini hakutaka kusema pia, kwa sababu asiyeona angekuwa na kazi gani pale mbele? Nilitaka kumkaripia na nilitaka kulia. Lakini nikajisemea, nikimwambia nimejua, atarudi kiti cha nyuma, na mimi nitamtazama tena kwenye kioo.

Nikawasha gari. Mbele yetu kulikuwa na lori la magunia.

"Subiri," akasema.

"Haya, baba."

Tulisubiri mpaka Moshi, na tukasubiri wakati wa kurudi, na safari zote zilizofuata. Alisimulia njia nzima.

Tulimzika juu ya Tengeru, karibu na mama. Gari bado ninalo, na kiti cha mbele kulia hakikaliwi na mtu. Nikikuta lori, hata kama mabasi yote yananipita, natega sikio kwanza. Hakuna wa kuniambia nipite, kwa hiyo nasubiri.