Mama Njeri Niliyemtunga

Wacha niwaambie nilivyojiaibisha, mcheke mkitaka. Mimi Mama Shiro naoka keki hapa Gitothua, Ruiru, na wateja walikuwa wameniadimikia. Nikaingia kwenye mtandao wa kuulizana maswali, nikauliza kwa jina la uongo: "Nani anaoka keki nzuri Ruiru?" Nikafungua akaunti nyingine, nikajijibu mwenyewe: "Mtafuteni Mama Shiro wa Gitothua! Wakwe walipoleta ruracio, mahari ya binti yetu, walikula keki yake wakasahau kurudi kwao. Ni mimi, Mama Njeri wa Kalimoni."

Oda zikaanza kuingia, nami nikajiona mjanja kweli. Sikukumbuka kwamba huku kwetu huwezi kutunga Mama Njeri asiyekuwepo.

Jumamosi mama mmoja akaingia dukani, nikamkaribisha kwa tabasamu la biashara.

"Mimi ndiye Mama Njeri wa Kalimoni," akasema. "Chama chetu kizima cha akina mama kimeninunia, eti niliwaficha ruracio. Na Njeri yuko chuo, hata mchumba hana!"

Nikavuta kiti haraka. "Keti kwanza, mama, nikukatie keki."

"Siketi. Baba Njeri yuko hapo nje. Anauliza hao mbuzi wa mahari uliwafunga wapi."